Titi Lililomziba Mwanangu Pua

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na sauti. Kabla Bibi hajamfuta vizuri alishalia mpaka wanawake waliokuwa wakisubiri nje wakapiga vigelegele, na mimi pale chini kwenye mkeka nikacheka, ingawa mwili wote ulikuwa unaniuma. Siku zilizofuata ile sauti ikaanza kupungua. Ninaikumbuka hiyo kuliko ninavyoukumbuka uchungu wa kuzaa: mtoto analia kwa nguvu, kisha analia kidogo, kisha anafungua mdomo tu. Alikuwa na njaa. Na alikuwa na njaa huku amelazwa kwenye matiti makubwa kuliko ya mwanamke yeyote wa kilima kile, yamejaa maziwa mpaka yananichuruzika tumboni.

Huo ulikuwa wakati wa Mdachi, reli bado haijafika Morogoro. Kwetu ni juu ya Mlali, kwenye mteremko ambao ukiangusha boga linakwenda kuokotwa na watu wengine huko chini. Mume wangu alikuwa amekuja kujenga kwetu, kama wanaume wengi walivyofanya wakioa. Lakini tumbo langu lilipoanza tu kuonekana, watu wa akida walipita wakamchukua pamoja na vijana wengine kwenda kukata njia ya reli upande wa Mikese. Mama yangu alikuwa amefariki zamani. Kwa hiyo ndani ya nyumba ile tulikuwa mimi, mtoto, na Bibi mzaa mama, ambaye ndiye aliyenilea na ndiye aliyenizalisha.

Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Alikuwa kungwi. Mabinti wa upande wetu wote aliwafunda yeye, na mimi mjukuu wake sikupona. Desturi yetu Waluguru, binti akivunja ungo anakuwa mwali. Anafungiwa ndani, haoni jua, hashiki jembe, kazi yake kula na kufundwa mpaka wakubwa waseme basi, atolewe nje kwa ngoma. Wenzangu walikaa ndani kwa raha zao. Mimi nusura niingie wazimu. Sikuumbwa kukaa, jamani. Nilikizunguka kile chumba, nikachungulia kila ufa wa ukuta, nikamchosha Bibi kwa maswali mpaka akawa ananitupia kifuu. Ila chakula nilikula, na kwa kuwa sikuwa na kazi ya kukitoa jasho, chote kilikwenda kifuani. Siku niliyotolewa nje wanawake walishika vinywa. "Haya matiti au mito?" walinitania. "Huyu akiteleza mlimani wala haumii!" Nilicheka nao, maana na mimi nilijiona kweli.

Katika kufundwa huko Bibi alinipa kile kisanamu cha mti ambacho mwali hupewa, mwana hiti. Ni kigogo kilichochongwa kikang'aa, kina kichwa na shingo, kiwiliwili kimenyooka tu, hakina mikono wala miguu. Mwali anakiogesha, anakipaka mafuta, anakipakata, anakinyonyesha. Na kwa Bibi kunyonyesha kulikuwa na namna moja. Unakaa juu ya kigoda, miguu umeinyoosha mbele pamoja, mgongo umeinama kwa adabu, mtoto umemlaza mbele ya kifua juu ya mikono yote miwili, kichwa kwenye kiwiko cha kushoto, macho yako chini. Mkono ukihama, fimbo. Nikazoea. Niliweza kukaa hivyo mpaka nikasinzia, na kile kigogo hakikuwa na neno.

Tatizo ni kwamba mtoto wa kweli ana pua. Nikikaa juu ya kigoda, nikiinama kama nilivyofundwa, titi linashuka lote zima linamfunika uso. Pua inapotea. Mtoto anashika kidogo, anavuta, pumzi inamkatika, anaachia, anakohoa, anatupa kichwa huku na huku, analia. Namrudisha, anashika nchani tu, ananiuma kwa fizi zake mpaka machozi yananitoka, anaachia tena. Nikijaribu kulishika titi nilisogeze, sina mkono wa kulishikia, mikono yote miwili iko chini ya mtoto. Nikiutoa mkono mmoja, mtoto anateleza kwenye mapaja. Mgongo uliniuma. Shingo iliniuma. Chini ya matiti, pale ngozi inapokutana na ngozi, jasho lilinitoa vipele vikawasha usiombe. Chuchu zilipasuka. Maziwa yasiyonyonywa yalijaa mpaka matiti yakawa magumu na ya moto, siwezi hata kugeuka ubavu.

"Mshike vizuri!" Bibi akisema.

"Nimemshika, Bibi."

"Hujamshika. Kiwiko kimeshuka."

"Kiwiko kimeshuka kwa sababu kinauma!"

"Ebo! Unanipandishia sauti mimi? Watoto wote wa mlima huu wamenyonya hivi, wa kwako nani hata anyonye vingine?"

Hasira zilinipanda. Nilimwangalia mwanangu, naye aliniangalia na vile vijicho vyake vilivyoanza kuingia ndani. Nikimaliza kushindwa juu ya kigoda, nainuka, namtembeza. Kutoka kwenye mafiga mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka kwenye mafiga. Bibi alisema nitamtia mtoto kizunguzungu. Nikamwambia heri kizunguzungu kuliko kigoda.

Bibi hakuwa mtu mbaya. Msinielewe vibaya. Alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, aliniwekea uji wa ulezi wenye pilipili mpaka pua zikanitoka maji, alinikamua yale matiti kwa viganja vyake vikavu, na maziwa aliyoyakamua akayamwaga kwenye majivu huku akitikisa kichwa. Alikuwa na hofu kama mimi. Ila hofu yake ilikwenda kwenye maneno. Siku moja, amenipa kisogo, anachochea moto, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hukumkosea mtoto?" Nilielewa papo hapo. Kwetu mtoto mchanga akidhoofika, watu wanasema amebemendwa, mama yake amekwenda na mwanamume kabla ya wakati. Mume wangu yuko Mikese anapasua mawe, mimi mlango wenyewe siujui, halafu naulizwa hivyo!

"Na nani, Bibi?" nikamwambia. "Na panya?"

Akacheka bila kupenda. Kisha akasema neno lililonikausha mate. Alikuwa ametuma watu kwa mjomba.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kusema juu yake ni mjomba. Mjomba wangu, mtoto wa kiume wa Bibi, alikaa chini karibu na Mlali, mtu mpole lakini akishasema neno, limekwisha. Na ng'ambo ya mto alikaa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Dada alikuwa ametoka kumzika mwanawe wa kunyonya. Homa ilimchukua yule mtoto kwa ghafla, wakati mimi nikisubiri kujifungua, na kwa ajili ya tumbo langu hata mazishi hawakuniruhusu kwenda. Alibaki na maziwa na hana wa kumpa. Bibi alikuwa ameshalifikiria lote: mjomba atakuja na dada, dada atamchukua mwanangu, atamnyonyesha.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka apate nguvu."

"Halafu atarudishwa?"

Bibi akaendelea kuchochea moto. "Mtoto ni wa ukoo," akasema. "Kwa dada yako au kwako, ni nyumba moja."

Nyumba moja wapi! Nilijua vizuri. Mtoto atazoea harufu ya mwingine, atamlilia mwingine, akianza kusema atamwita mwingine mama, na hakuna mtu wa mlima ule atakayethubutu kumnyang'anya dada mtoto mara ya pili. Hata mimi nisingethubutu. Nilimpenda dada yangu, na siku ile nilimchukia kwa moyo wangu wote, kwa kosa la kuwa na matiti madogo.

Asubuhi waliyotarajiwa, Bibi alichukua mtungi akateremka mtoni. Kabla ya kutoka alinionya, kama alivyonionya kila siku, kwamba mzazi ambaye mtoto wake hajadondoka kitovu haonekani nje, na mtoto hapigwi na upepo. Nikaitikia. Nilijaribu tena juu ya kigoda. Mtoto hakulia hata kulia. Aligusa titi kwa mdomo, akaachia, akafumba macho. Nikasikia nyumba nzima inanibana, moshi unanibana, kuta zinanibana. Potelea mbali, nikasema. Nikamfunika kaniki, nikatokea mlango wa nyuma.

Nyumba za kwetu, kwa kuwa mlima hauna mahali palipolala, inabidi kwanza uuchimbe mlima ndipo upate kiwanja. Kwa hiyo nyuma ya nyumba unabaki ukuta wa udongo mlima ulipokatwa. Wa kwetu ulinifika chini kidogo ya kifua, na juu yake Bibi alikuwa ameanika majani makavu ya migomba. Nilikwenda pale nikaenda huku na huku, kutoka pembe ya nyumba mpaka kwenye mgomba, nikirudi, nikilia kwa sauti maana hapakuwa na mtu wa kunikataza. Kaniki yangu ikalegea. Matiti yale, jamani, nguo haikai juu yake. Nikamweka mtoto juu ya yale majani, pale juu ya ukingo, ubavuni mwangu, ili nipate mikono ya kujifunga. Miguu yake ilielekea nyuma yangu, kichwa kikawa mbele, karibu na titi la kulia.

Nikiwa nimeinua mikono nahangaika na nguo, titi lilikuwa limelala pale pale juu ya ukingo, limebebwa na udongo na majani, halivutwi chini na halimwangukii mtu. Naye akageuza uso. Alinusa, wallahi nilimwona ananusa. Akafungua mdomo, akawa anatafuta. Nilikuwa nataka kumnyanyua, mkono ukakataa, nikasema ngoja. Nikaliweka titi kwenye kiganja kwa chini, vidole mbali na chuchu, nikakamua kidogo likatoka tone, likalegea. Nikamgusisha mdomo wa juu. Akafungua kinywa wazi kabisa, nikamsogeza na kidevu kikatangulia. Akashika, na hakushika nchani. Alishika pamoja na lile duara jeusi la chuchu, kinywa kimejaa. Na pua yake, ile pua iliyokuwa inapotea kila siku, ilikuwa nje, naiona, inapumua.

Akavuta. Akavuta tena. Kisha nikasikia koo lake. Ku. Nikaganda. Ku. Ku. Sikuhisi kuumwa. Nilihisi titi linavutwa kwa ndani, linapungua moto, na lile la pili likaanza kutiririka lenyewe. Nilisimama wima, mgongo umenyooka, sijainama kwa mtu, nikacheka na kulia pamoja mpaka kamasi. "Kumbe wewe!" nikamwambia. "Kumbe wewe ulikuwa unataka kupumua tu!"

Mtungi ulivunjika. Bibi alikuwa amefika kwenye pembe ya nyumba, ameniona nimesimama juani na mtoto wa kitovu nimemlaza juu ya majani ya migomba, upepo unampiga.

"Umekwisha kumuua!" akapiga kelele. "Mtoto huyu unamwanika kama mpunga!"

"Bibi, ananyonya! Njoo uone, ananyonya!"

Lakini kelele zake zilimshtua mtoto, akaachia. Bibi akamnyakua, akaingia naye ndani mbio, na mimi nyuma yake nashika kaniki kwa mkono mmoja. Alipomtazama, mtoto alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mkono umelegea. Amelala kwa kushiba kidogo mara ya kwanza tangu azaliwe. Bibi yeye hakuona usingizi, aliona mtoto anayezimia. Nilimweleza, nikamweleza, nikamweleza tena. Alikuwa analia, hanisikii. Kengele ya misheni ikalia ng'ambo ya mto, na haikupita muda tukasikia mtu anakohoa uani, namna wanaume wanavyokohoa wakifika kwenye nyumba ya mzazi.

"Shikamoo, mama," mjomba akasema kutoka nje. Yeye hakuweza kuingia. Mwanamume haingii alimo mzazi kabla kitovu hakijadondoka, tena mjomba hamtazami mpwa wake kifua, ni aibu kubwa.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto anakwenda. Mchukueni."

"Shikamoo, mjomba!" nikapaza sauti kabla hajajibu. "Mtoto haendi popote. Amenyonya sasa hivi."

Mpwa hamkatizi mjomba wake maneno, nami nilikuwa nimemkatiza kupitia ukuta. "Marahaba," akasema taratibu. "Kama ananyonya ni heri. Basi anyonye, nisikie." Akavuta kigogo akakaa, akaegemeza mgongo kwenye ukuta wetu wa fito na udongo, upande ule ule niliokuwa nimekaa mimi. Niliona mwanga kwenye nyufa unazibwa na mgongo wake.

Dada akaingia. Alikuwa amekonda, macho mekundu, kichwa amekinyoa kwa msiba. Begani alikuwa na mbeleko imekunjwa. Niliijua, ndiyo aliyokuwa akimbebea mwanawe. Hakunitazama usoni. Alikaa karibu na mlango, akaipakata ile mbeleko kwenye mapaja.

"Kaa sawasawa," Bibi akaniambia, akanisukumia kigoda. "Mjomba wako yuko hapo nje. Utamnyonyesha kwa adabu ulivyofundwa."

Nikakaa. Mpaka leo sijui kwa nini nilikaa. Labda kwa sababu sauti ile ilikuwa imeniamrisha tangu natambaa. Nikanyoosha miguu, nikainama, nikamlaza juu ya mikono. Titi likamwangukia. Mtoto akaamka akavuta hewa, hakuipata, akaanza kuhangaika, akalia kale kasauti kake kadogo kalikobaki. Nikamrudisha. Akakohoa. Nje, mjomba akakohoa. Bibi akageuza uso.

"Basi," mjomba akasema kutoka kule nje, na ilikuwa sauti ya huruma, hiyo ndiyo iliyonitia kiwewe. "Basi, mwanangu, usimtese. Mpe dada yako."

Dada akainuka. Akakunjua mbeleko.

Nilisimama kwa ghafla kigoda kikapinduka. Nikakipiga teke kikaenda kugonga mafiga. "Simpi!" nikasema. "Simpi mtu! Subirini!" Nilikaa chini kwenye mkeka, mgongo nikauegemeza kwenye ukuta ule ule alioegemea mjomba, nikavuta gunia la mtama lililokuwa pembeni nikalilaza ubavuni kwangu, nikamweka mtoto juu yake, miguu nyuma, chini ya kwapa langu, kichwa mbele kwenye kiganja.

"Unafanya nini?" Bibi akasema. "Unambana kwapani kama kuku wa wizi! Nimekufundisha hivyo mimi? Mbele ya mjomba wako?"

"Mjomba haoni, Bibi!"

Nikalishika titi kwa chini. Nikakamua, nikamgusa mdomo, hakufungua. Alikuwa amechoka. Nikamgusa tena. Dada alikuwa amesimama juu yangu na ile mbeleko wazi mikononi. Nikamwambia mtoto, kwa sauti ndogo, "Baba, wewe hapo nje ulifanya mwenyewe. Fanya tena. Nakuomba." Akanusa. Akafungua kinywa wazi, kidevu mbele, nikamsogeza.

Kilio kikakatika.

Nyumba ikawa kimya. Nilisikia kuni zinapasuka motoni. Bibi ameshika kichwa kwa mikono miwili, hathubutu kusogea. Ukutani nyuma yangu nikahisi mjomba amegeuka.

"Mbona kimya?" akasema. "Mama? Mama, mtoto vipi?" Sauti ikampanda. "Amekufa? Niambieni, amekufa?"

Ku.

Ilisikika vizuri kabisa. Ku. Ku. Kisha pumzi ndefu ya puani, kisha ku, ku, ku, kwa pupa, kama mtu aliyefunga siku nzima. Mjomba alikuwa ameweka sikio kwenye ufa, nilisikia anavyohema. Alisikiliza muda mrefu. Bibi naye akaja akapiga magoti, akaweka sikio lake karibu na koo la mtoto, akabaki hapo. "Anameza," akasema, na sauti haikuwa ya kungwi. "Mwanangu, anameza."

"Nasikia," mjomba akajibu. "Nasikia, mama." Nilimsikia anacheka na kupenga makamasi.

Mimi sikuweza kucheka. Uzito ulikuwa umeanza kunishinda. Titi lile lilikuwa limejaa, mkono wangu ulikuwa unakufa ganzi, nikaliona linateleza, linashuka kidogo kidogo kuelekea kwenye ile pua. Mkono wa pili ulikuwa umeshika kichwa. Nikijisogeza ataachia, na akiachia sasa, sikujua kama atakuwa na nguvu ya kushika tena. Nikataka kumwita Bibi, lakini Bibi alikuwa amefumba macho anasikiliza, hana hili wala lile.

Dada aliona. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akitazama titi na pua, maana alikuwa mama wa kunyonyesha kuliko sisi sote. Alichuchumaa mbele yangu. Akaikunja ile mbeleko, akaikunja tena, akaizungusha ikawa mto mnene, akaipenyeza chini ya titi langu taratibu, akalinyanyua mpaka pua ikawa huru. Akaibana vizuri kwa kiganja ili isitoke. Mkono wangu ukapumzika. Mtoto hakukosa hata funda moja.

Ndipo nilipomtazama. Nguo yake kifuani ilikuwa imelowa chapachapa, pande zote mbili, na ilizidi kulowa kila mtoto alipomeza. Yale aliyokuja nayo kwa ajili ya mwanangu yalikuwa yanamtoka na kumwagika bure, naye alikaa hivyo hivyo, ameshikilia mbeleko ya mwanawe chini ya titi langu.

"Dada," nikasema.

"Usiseme," akaniambia. "Utamshtua."

Alikaa mpaka mtoto akaachia mwenyewe, maziwa pembeni ya mdomo, kisha akanisaidia kuhamia upande wa pili, gunia upande wa pili, mbeleko upande wa pili. Alipoona ameshika vizuri, akainuka. Nilidhani atachukua mbeleko yake. Aliniachia. Akamwambia Bibi kwaheri, akatoka, nikamsikia nje anamwambia mjomba, "Twende." Kupitia ufa niliwaona wanashuka, mjomba mbele, yeye nyuma, amejikumbatia kifua kwa mikono miwili. Nilitaka kuinuka nimkimbilie, nimwambie kitu, chochote, lakini mwanangu alikuwa bado ananyonya.